Una hemofilia na jino linauma? Soma kwanza kabla ya koleo

Jamani wenzangu wa hemofilia, jino likiuma usiku mtu unatamani uende kokote penye koleo, najua, ila sisi kung'oa kwetu kunaanza siku kadhaa kabla hujakaa kwenye kile kiti. Mimi ni hemofilia A, yaani fakta 8 yangu, ile protini ya kugandisha damu, iko chini, na nimeshang'oa gego hapa Mwanza damu ikakata vizuri tu kwa sababu daktari wa meno na yule wa damu waliongea wenyewe kwa wenyewe kabla. Usikubali wewe ndo uwe mpeleka salamu, omba barua au wapigiane simu, ukijieleza peke yako utaambiwa "we kaa tu, tutaweka pamba".

Kitu watu wanapuuza sana ni sindano ya ganzi. Ile ya gego la chini inaingia ndani kabisa nyuma ya taya, huko damu ikivuja huioni, panavimba kuelekea kooni mpaka pumzi inabana. Kwa hiyo dawa ya fakta inachomwa kwenye mshipa KABLA ya ganzi, sio kabla ya koleo tu, na isiwe ya jana yake maana fakta 8 ya kawaida inapungua nusu ndani ya masaa kama 12 hivi. Dozi anapanga daktari wako, wewe kazi yako ni kuulizia mapema kama dawa ipo, iwe Bugando au kwingine unakohudhuria.

Chagua Jumatatu au Jumanne asubuhi. Ijumaa jioni sitaki hata kusikia, ikianza kuvuja Jumapili utampata nani?

Wa Ukerewe na visiwani laleni mjini kwa shangazi, kwa binamu, kwa yeyote, msikimbilie meli ya Nansio siku hiyohiyo eti damu imekata, pale kwenye pengo inaweza kuanza tena hata siku ya tatu ya nne donge likibanduka. Ndo maana unapewa vidonge vya traneksamiki asidi, dawa ya kulinda donge la damu lisiyeyuke, vya siku kadhaa, vimalize hata ukijiona mzima.

Maumivu ni panadoli. Diklofenaki, aspirini, brufeni hapana, hata muuza dawa akikusifia ni kali, na sindano ya tako hapana. Sato wa miiba na dagaa wakavu wasubiri, kunywa uji uliopoa, bila mrija maana ule mnyonyo unang'oa donge. Mama mkwe akileta supu ya moto we shukuru, funika, ipoe kwanza.