Muulize Ami: Mjukuu ana miaka 15, eti ahame nyumbani akacheze hoki

SWALI

Assalaam alaykum Ami. Mwanangu anaishi Kanada na mumewe, mji wa Ottawa. Mjukuu wangu ana miaka 15 na anacheza hoki, lakini si ile ya kiwanjani tunayoijua sisi. Hii wanacheza juu ya barafu, na viatu vyenye kisu chini. Sasa mama yake kanipigia simu analia. Timu ya vijana ya mji mwengine imemchagua, mwakani ahamie huko, akae nyumba ya watu baki, Wazungu, hata kufunga hawakujui. Eti ndiyo njia ya kufikia ligi kubwa. Na hayo magongo na safari yameshawamaliza kwa gharama, nami nilinuia nikiuza karafuu za msimu huu niwapelekee chochote. Nimwambie amzuie au amwache?

Bibi wa Wete, Pemba

JIBU

Wa alaykum salaam, bi mkubwa. Nianze na fedha: karafuu zako uza, ule mwenyewe. Gharama nzito ni za umri huu alio nao sasa, mzazi ndiye mlipaji wa kila kitu. Mie nilifanya kazi kwenye ukumbi wa barafu huko Scarborough, Toronto, nikiendesha ile mashine inayokwangua barafu na kumwaga maji ya moto nyuma yake yagande upya. Alfajiri kiza bado hakijatoka, utawakuta kina mama wamepiga magoti wanakaza kamba za viatu vya watoto, vidole vimekufa ganzi, wakitoka hapo wanakimbilia kazini. Gongo likivunjika kwa pigo moja, basi tena, linanunuliwa jengine. Lakini akishaingia ligi kuu ya vijana, vifaa, safari na malazi ni juu ya timu. Mshahara hana, anapewa posho ya mfukoni tu.

Ligi hizo ni tatu: ya Ontario, ya Quebec na majimbo ya pwani ya mashariki, na ya magharibi. Wachezaji ni wa miaka 16 mpaka 20. Kumweka mtoto kwa mwenyeji ni utaratibu wao wa miaka mingi, na timu humpa mwenyeji fedha za chakula. Mbona sisi mtoto wa Pemba akifaulu tunampeleka Unguja mjini kwa ami yake asome, na hatulii? Ila huyu si ami yake, kwa hiyo mama asiridhike na simu. Aende, aingie mpaka jikoni, aseme wazi habari ya nguruwe, ya sala na ya Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, mechi zimepamba moto. Kucheza na swaumu, hilo mwulizeni sheikh wenu. Mie si mufti.

Dini yake haitamzuia kufika. Nazem Kadri ni mtoto wa ukoo wa Kilebanoni, kazaliwa London ya Ontario, si ile ya Uingereza. Aliichezea timu ya vijana ya Kitchener, akarudi timu ya kwao, na mwaka 2009, kwenye uchaguzi wa vijana wa NHL, ndiyo hiyo ligi kubwa, timu ya Toronto ikamchagua akiwa wa saba. Mwaka 2022 alirudi kwenye fainali kidole gumba kimetoka kufanyiwa upasuaji, akafunga bao la muda wa ziada dhidi ya Tampa Bay, na timu yake ya wakati huo, Colorado, ikalichukua Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL. Akawa Muislamu wa kwanza jina lake kuchongwa kwenye kombe hilo, na akalipeleka msikitini kwao watu wakalione.

Lakini mtazameni Kadri vizuri. Huyo wa saba, na bado ilimbidi akae timu ya daraja la chini ya Toronto, kwenye ligi ya AHL, kabla ya kupata namba ya kudumu. Kwenye uchaguzi wa NHL timu ziko 32, mizunguko 7, majina 224 tu kutoka dunia nzima. Na kuchaguliwa si kuajiriwa. Wengi wanarudishwa ligi ya vijana, wakikua wanapelekwa AHL, na walio wengi hawaonekani tena.

Kwa hiyo kilio cha mama nakielewa, ila kakielekeza siko. Cha kuuliza ni skuli. Zamani kijana akicheza ligi hizi, vyuo vya Marekani vilimhesabu amelipwa, hapokewi kwenye hoki yao. Novemba 2024 wasimamizi wa michezo ya vyuo waliifuta kanuni hiyo, na tangu Agosti 2025 mlango uko wazi. Mjukuu wako kaukuta wakati mzuri. Na mlango huo si wa walioshindwa: Martin St. Louis, mfupi wa watu, hakuchaguliwa na timu yoyote, akapitia chuo cha Vermont, na mwaka 2004 akatangazwa mchezaji bora wa NHL na kombe akachukua.

Mwambie mwanao amwache aende, ila kwa maandishi. Timu iandike fedha za chuo, zile za kumsomesha akimaliza kuichezea, zitakuwa kiasi gani na zinafutika kwa sababu ipi, nani anafuatilia masomo wiki za safari, na akigongwa kichwa nani mwenye kauli ya mwisho ya kumrudisha uwanjani, daktari au kocha. Hili la kichwa asilione dogo, atagongana na vijana wa miaka 20 wenye ndevu. Wakikwepa kuandika, hapo tena amzuie.

SWALI

Ami, nina miaka 19, nateleza kwa viatu vya magurudumu. Naweza kufika NHL?

Kijana wa Jang'ombe

JIBU

NHL hapana, mwanangu. Wenzako walianza na miaka minne. Lakini kucheza hoki ya barafu unaweza, na karibu kuliko unavyodhani. Nairobi, kwenye hoteli ya Panari, ndiko ilikozaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby, nyota wa NHL, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo. Baadhi yao walianza na magurudumu kama wewe. Weka nauli, na uchukue sweta.