Si Kila Kilichochacha Kina Uhai

Mwaka juzi, baada ya kumeza dozi mbili mfululizo za viuavijasumu, tumbo langu liliasi: kila nilichokula kilinijaza gesi, na choo kikawa hakina saa wala desturi. Halati yangu, yaani dada yake mama, anayeishi mtaa wa Kibokoni hapa Mombasa, alinimiminia nusu bilauri ya maziwa lala aliyoyalaza mwenyewe, akaniambia, "Kunywa polepole, mwanangu, na kesho uje tena." Mimi kwa pupa yangu nikanunua lita nzima, nikaimaliza jioni ile ile, na usiku kucha nikawa mtu wa chooni.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kutuliza tumbo kwa vyakula vilivyochachushwa ni kuanza na kidogo, vijiko viwili au vitatu kwa siku, kisha kuongeza taratibu kadiri tumbo linavyokubali.

Maziwa yanapolala, bakteria hula laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, ambayo ndiyo inayoyagandisha, kuyatia ukali na kuwazuia vijidudu waharibifu. Kwa kuwa sehemu ya laktosi imekwisha kuliwa, watu wengi wanaosumbuliwa na maziwa ya kawaida huyaweza haya. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 36 waliopangiwa lishe kwa wiki 10, na wale waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wingi walionekana kuwa na aina nyingi zaidi za bakteria tumboni, na vipimo vya damu yao vilionyesha kupungua kwa dalili za inflamesheni, yaani mwili kujihami kana kwamba umeumia. Kundi hilo ni dogo, nami sitamwambia mtu aache dawa zake kwa ajili ya bilauri ya maziwa.

Jambo linalotupotosha wengi hapa Mombasa ni kudhani kwamba kila kilichoumuka au chenye ukali kina bakteria hai. Vitumbua, mahamri na mkate wa kumimina huumuliwa kwa hamira, lakini moto huiua. Achari nyingi za dukani hupata ukali wake kwenye siki, wala hazikuchacha kabisa. Uji mchachu nao hupikwa, ila una faida ya namna nyingine: unga unapolala majini hupungua fitati, ambayo huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki.

Nilipotaka kitu hai kisicho maziwa, nilijaribu kabichi. Huinunua sokoni Marikiti, nikaikata nyembamba pamoja na karoti, nikatia gramu 20 za chumvi kwa kila kilo, kisha nikaifinyafinya kwa mikono hadi itoe maji ya kutosha kuifunika. Huishindilia katika chupa ya kioo, nikaikandamiza kwa jani zima la kabichi na kijiwe kilichochemshwa, na kila siku nikalegeza kifuniko ili gesi itoke. Maelekezo ya nchi za baridi husema wiki tatu au nne; kwa joto letu la kaskazi, jikoni kwangu ukali hukolea siku ya nne au ya tano, nami huihamishia kwenye friji. Chupa yangu ya kwanza niliiharibu kwa uvivu wa kutoweka kijiwe, kwani vipande vilielea juu ya maji vikaota ukungu mweusi, nikaitupa yote. Ukungu wa namna hiyo usiukwangue ukala kilichobaki.

Mwenye presha aikumbuke chumvi hiyo, na mwenye kinga dhaifu ya mwili amwone daktari kwanza.

Tumbo langu lilichukua karibu miezi miwili kutulia, na siwezi kuapa kwamba ni kabichi au maziwa pekee, kwa maana nilipunguza pia soda na viazi karai vya usiku. Siku hizi hula vijiko viwili vya kabichi pamoja na wali na maharagwe mchana. Halati aliionja mara moja, akakunja uso, akasema nimemlisha mboga zilizooza, akarudi kwenye bilauri yake.