Maswali ya Wasomaji: Tumbo Limepunguzwa, Sasa Tunakulaje?

Barua nne za mwezi huu zinahusu jambo moja, upasuaji wa kupunguza uzito. Mbili zimetoka Arusha, mbili Moshi. Tunaanza na anayejiandaa kwenda, kisha waliokwisha rudi. Hao waliorudi tumewapa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu upasuaji wenyewe ni wa saa moja au mbili na wauguzi wapo. Miezi inayofuata ni ya jikoni kwako, na daktari aliyekupasua yuko mbali.

Nina miaka 41, kilo 118, urefu wangu ni sentimita 160. Nina sukari na presha, magoti hayanibebi. Ndugu zangu wananichangia nikakate utumbo, ila mmoja anasema niweke puto kwanza kwa kuwa kukata utumbo ni hatari. Nishike lipi? – Mama wa Sakina, Arusha

Mama, tuanze na hesabu. Urefu wako ni mita 1.6, zidisha 1.6 kwa 1.6 upate 2.56, kisha gawanya 118 kwa hiyo 2.56. Jibu ni 46. Hiyo ndiyo BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Kwa miaka mingi kipimo cha kustahili upasuaji kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama sukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu walishusha hadi 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye sukari aina ya pili. Kwa vyovyote unastahili.

Pili, hilo neno "kukata utumbo" limetisha watu bure. Katika upasuaji unaofanywa zaidi, unaoitwa slivu, utumbo hauguswi. Daktari anaingia kwa matundu madogo, anabana mfuko wa chakula kwa stepla maalumu na kuondoa karibu asilimia 80 yake. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo hasa inayotengeneza homoni ya njaa, gurelini, ndiyo maana mtu hupoteza hamu na si nafasi tu. Kilichotolewa hakirudishwi.

Upasuaji wa pili ni baipasi. Hapo mfuko hugawanywa, kikaachwa kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha kikaunganishwa na utumbo mdogo mbele zaidi ili chakula kiruke sehemu ya mwanzo. Baipasi kwa kawaida hutuliza sukari vizuri zaidi, na ni bora kwa mwenye kiungulia kikali, kwa sababu slivu inaweza kukizidisha. Mwulize daktari wako swali hilo moja kwa moja: kwa sukari yangu, kwa nini hii na si ile?

Puto ni mpira wa silikoni unaoshushwa kwa mdomo na kujazwa maji ya chumvi, mara nyingi yenye rangi ya buluu. Hukaa miezi 6 au 12 kulingana na aina yake, halafu ni lazima litolewe. Ukiona mkojo umekuwa wa kijani au buluu, limepasuka. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana likiteremka linaweza kuziba utumbo. Kwa BMI ya 46 puto peke yake halitoshi: uzito unaopungua si mkubwa, na likishatolewa njaa inarudi na kilo zinaifuata. Mchango wa ndugu uende kwenye upasuaji.

Kabla ya kupasuliwa utapimwa damu, moyo na mfuko wa chakula kwa kumeza kamera, na kutafutwa bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, ili watibiwe mapema. Kama unavuta sigara, acha angalau wiki sita kabla. Halafu kuna wiki mbili za kupunguza ini: hakuna ugali, wali, chapati, ndizi za kupika, soda wala pombe. Unakula mayai, samaki, mtindi usio na sukari na mboga. Ini la mwenye uzito mkubwa huwa limejaa mafuta na limelalia mfuko wa chakula. Lisipopungua daktari haoni anapokata, na wengine huahirishiwa wakiwa tayari mezani. Kwa hiyo ile sherehe ya kuaga chakula, nyama choma na kreti la bia siku tatu kabla, inakuumiza wewe. Katika wiki hizo dawa za sukari zipunguzwe na daktari, la sivyo sukari itashuka hadi uzimie.

Tegemea kupungua robo hadi theluthi ya uzito wako ndani ya mwaka na nusu. Kwako ni kufika kama kilo 79 hadi 88, si 60. Anayekuahidi 60 anakudanganya.

Mke wangu alifanyiwa slivu nje ya nchi wiki tatu zilizopita. Akinywa maji anatapika. Mama amempikia mtori mzuri, vijiko vitatu tu anashika kifua. Watu wanasema kutapika ni kawaida. – Baba wa Pasua, Moshi

Kaka, si kawaida. Kutapika mara moja kwa sababu ya pupa kunaeleweka. Kutapika kila siku wiki ya tatu ni ugonjwa. Kama maji hayakai tumboni, au mkojo umekuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, mpeleke leo. Hospitali ya KCMC iko hapo hapo Moshi. Usisubiri jibu la WhatsApp kutoka kwa daktari wa nje.

Mkifika, neno la kwanza la kumwambia daktari ni hili: amepunguzwa mfuko wa chakula, anatapika, anahitaji vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Akiba ya B1 mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Ikiisha halafu mtu akawekewa glukosi bila B1, ubongo unaweza kudhurika na usirudi ulivyokuwa. Dalili zake ni kuona vitu viwili viwili, kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa, na ganzi au moto miguuni. Beba karatasi za upasuaji. Kama hamkupewa, ombeni leo: aina ya upasuaji, tarehe, dawa, majibu ya damu.

Akiwa amekaa ametulia, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakizidi 120, hata kama tumbo haliumi sana, fikiria kwamba mshono umevuja. Homa, maumivu ya bega la kushoto na kuhema ni dalili za jambo hilohilo. Kwa mtu mnene tumbo laweza kubaki laini huku ndani kumechafuka, kwa hiyo mapigo ya moyo yaaminiwe kuliko kidole kinachobonyeza tumbo.

Mara nyingi chanzo ni uvimbe wa ndani, mrija uliojikunja au kubana katikati, ambao hupanuliwa kwa kamera, au namna ya kula. Hiyo namna ya kula ndiyo iliyo mikononi mwenu.

Maji hayanywewi kwa glasi. Chukueni kikombe kidogo cha kahawa, kile cha muuza kahawa wa mtaani. Nusu ya kikombe hicho, mililita 30 hivi, ndiyo kipimo cha robo saa, kwa funda ndogo ndogo. Robo saa nyingine, nusu nyingine. Kwa saa 12 au 13 anafikisha lita moja na nusu bila kutapika. Wakati wa chakula maji yanakaa pembeni, na yanarudi nusu saa baada ya kula.

Sasa mtori. Wanasema kunywa mtori, nyama ziko chini. Kwa mgonjwa huyu nyama inatangulia. Mtori wa mama una ndizi nyingi na nyuzi za nyama. Ndizi inajaza nafasi bila kujenga mwili, na uzi mmoja wa nyama unatosha kukwama. Geuzeni kipimo: nyama laini au kuku sehemu mbili, ndizi sehemu moja, usage kwenye blenda pamoja na supu, kisha upitishe kwenye chujio. Ale kwa kijiko cha chai, kikombe kimoja cha kahawa kwa dakika 20, kijiko kiwekwe mezani kati ya funda na funda. Akihisi kubanwa kifuani, pua kutiririka au kwikwi, hapo ameshiba. Kijiko kinachofuata ndicho kinachotapisha. Mama yako aelezwe hili kwa upole, maana kwake sahani iliyobaki ni dharau.

Anahitaji gramu 60 za protini kwa siku. Nusu lita ya maziwa ina 16, vijiko vinne vya mezani vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, ukivikoroga humohumo, vinaongeza kama 10. Mayai mawili laini ni 12, kuku aliyesagwa gramu 50 ni 14, na maharage yaliyochujwa yanakaribia kuziba pengo. Maziwa yakimharisha, atumie mtindi.

Wiki mbili za kwanza huwa za vimiminika, ya tatu na ya nne za vyakula vilivyosagwa, ya tano na ya sita za vyakula laini, kisha chakula cha kawaida taratibu. Ugali, mkate mweupe na nyama choma huja mwisho kabisa, kwa sababu hufanya donge. Soda yenye gesi isinywewe.

Nilifanyiwa baipasi miezi minne iliyopita. Nywele zinatoka kwa mafungu, nimechoka, vitamini ni ghali. Naweza kutumia vidonge vya damu vya kliniki ya wajawazito? Magoti yakiuma nameza diclofenac. – Mwalimu, Usa River

Mwalimu, hiyo diclofenac iache leo. Ibuprofen na aspirini pia, hata zikiwa zimechanganywa na dawa nyingine ndani ya kidonge kimoja, soma pakiti. Pale kifuko kilipounganishwa na utumbo hupata kidonda, nacho huweza kutoboka. Tumia parasetamoli.

Nywele kutoka kuanzia mwezi wa tatu ni mwili kushtushwa na uzito kushuka haraka, na kwa kawaida huota tena ukishika protini. Uchovu je? Huo upimwe: damu kamili, feritini (akiba ya chuma mwilini), vitamini B12, vitamini D.

Vidonge vya kliniki vina madini ya chuma miligramu 60 na foliki asidi. Chuma hicho kinakufaa, ila hakina B12 wala kalsiamu. B12 inaweza kuwa sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, na kwa wengi ni nafuu. Kalsiamu ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ukigawa mara mbili tatu. Usiimeze pamoja na chuma. Ziachane saa mbili, na chuma kisifuatwe na chai. Vitamini hizi ni za maisha yote. Afadhali kuuza simu kuliko kuziacha.

Na kama unatumia vidonge vya majira, baada ya baipasi havitegemewi. Omba njiti au kitanzi, na subiri miezi 12 hadi 18 kabla ya ujauzito. Hedhi iliyokuwa imepotea hurudi uzito ukishuka, na mimba nayo huingia kabla hujajipanga.

Nitapasuliwa Dar. Naweza kurudi Moshi na basi siku ya sita? – Kijana, Majengo

Subiri wiki mbili ukiweza. Ni zaidi ya kilomita 500, na kukaa miguu imekunjwa siku nzima huku damu ikiwa nzito baada ya upasuaji ndiko kunakogandisha damu miguuni. Donge likipanda mapafuni linaua. Kama lazima usafiri, usiruke sindano za kuzuia damu kuganda ulizopewa, kaa kiti cha pembeni ya njia, kila saa simama na uchezeshe vifundo vya miguu, na basi likisimama Korogwe shuka utembee dakika zote wenzako wanazokula. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, shukia hospitali ya karibu, hata kama mizigo inaendelea na safari.