Kamba za ngozi ya mzoga: je, jua na majivu vinaitoharisha?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni fundi wa ngozi huku Kondoa. Ngozi mbichi naiwamba kwa vigingi, naparura mafuta, natoa manyoya kwa majivu. Ikikauka nailoweka tena, nakata ukanda mmoja mrefu kwa kuzunguka kutoka pembeni kwenda kati, kisha nasuka kamba na mijeledi ya wafugaji. Kiangazi ng'ombe wakifa, ngozi zao naletewa kwa bei nafuu. Je, ni tohara?

JIBU: Wa alaykumus-salaam ndugu yangu. Nimefurahi umeuliza, maana riziki yako na swala yako zote zimo humo.

Ngozi ya mnyama aliyechinjwa kisheria ni tohara tangu inapochunwa. Ioshe damu, uisuke utakavyo. Tatizo ni ya mzoga. Kondoo wa sadaka aliyepewa mwanamke aliyeachwa huru na Bi Maymuna, mke wa Mtume, alikufa, Mtume (s.a.w.) akauliza mbona hawakuichukua ngozi yake wakaidibaghi, yaani wakaitengeneza isioze, wakanufaika nayo. Wakasema ni mzoga. Akajibu kwamba kilichoharamishwa ni kumla tu. Na katika hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Muslim: "Ngozi ikidibaghiwa, imetoharika."

Sasa, kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, kudibaghi ni kuondoa mabaki yanayoiozesha ngozi kwa kitu kikali, kama qaradh, ambao ni mti wa jamii ya mgunga, au maganda ya komamanga. Jua, chumvi na udongo havitoshi. Wanazuoni wametaja alama ambayo wewe fundi unaijua kuliko mimi: iliyokaushwa tu ikirudi majini, uvundo unarudi. Ngozi yako iliyokauka ngangari kama ubao, ikilala kwenye ndoo inalainika na kuteleza, na ukiisahau humo inaoza. Majivu yameondoa manyoya, hayakuidibaghi. Basi bado ni najisi, na kila ukiiloweka, ndoo, kisu, mikono na nguo inayorukiwa na maji yake vinanajisika. Kavu kwa kavu hakuna neno, lakini kazi hii haifanyiki bila maji.

Imam Abu Hanifa anaona kukausha juani kunatosha. Ni kauli ya imamu mkubwa, na anayeifuata simbatilishii swala yake. Ila kwako sioni dharura ya kuihamia, maana ngozi za machinjioni zipo, hata zikizidi bei kidogo.

Ukitaka kutumia ya mzoga, idibaghi kwa magome ya mti kama huo wa mgunga, uioshe, ndipo uisuke. Haitakaza ikikauka kama ngozi mbichi, lakini itakuwa tohara. Ya mbwa na nguruwe haitohariki kabisa.

Kamba ulizokwisha kusuka za mzoga, kufungia ng'ombe wako zikiwa kavu inajuzu kwa karaha. Kuziuza haijuzu, na usiswali ukiwa umejifunga nayo kiunoni.

Niongeze hili kwa kuwa Idd ya kuchinja huwaletea mafundi ngozi nyingi: mwenye kuchinja udhuhiya, yaani mnyama wa ibada ya Idd hiyo, haruhusiwi kukuuzia ngozi yake, wala kumlipa mchinjaji kwa ngozi hiyo. Sayyidna Ali aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) azitoe sadaka ngozi za ngamia wa Mtume mwenyewe, na mchinjaji asipewe chochote humo kama ujira. Fukara aliyepewa ngozi hiyo ni mali yake. Nunua kwake, na umpe bei ya haki.

Wallahu a'lam.