Kutafuta Matchbox za zamani kwenye maonyesho ya wakusanyaji

Kaka, umeuliza kutoka Mtwara: unakwenda Birmingham kwa shemeji yako, kutakuwa na maonyesho ya wakusanyaji, unataka magari madogo ya kuchezea ya Matchbox kama aliyokuwa nayo marehemu baba. Utajuaje ya kweli?

Geuza gari kwanza. Ya zamani yameandikwa chini LESNEY na ENGLAND. Kampuni ya Lesney ilianza kuyatoa 1953, ikafilisika 1982, kwa hiyo likiandikwa China si la enzi za mzee. Kisha washa tochi ya simu umulike ribiti, yaani vile vipini vya chuma vilivyoshika bodi na chasisi. Ribiti ikiwa imechimbwa au imepakwa rangi, ujue lilifunguliwa likapigwa rangi upya. Chukua muda hapo, usione haya, wauzaji wamezoea. Magurudumu pia yanasema: membamba yanayoteleza sana ni ya Matchbox aina ya Superfast, yaliyoanza 1969. Kama baba alichezea kabla ya hapo, hayo siyo.

Ukivutiwa na Dinky, magari mengine madogo ya kuchezea, za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, angalia nyufa na kuvimba. Aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi huoza kutoka ndani, na gari likifika huko halitengenezeki.

Beba pesa taslimu, fika mapema. Boksi lake hupandisha bei sana na maboksi mapya ya kuigiza yapo tele, kwa hiyo kwa kumbukumbu ya mzee mimi ningenunua gari bila boksi, hata lililochubuka. Omba kupunguziwa bei kama unavyofanya sokoni, ila kwa upole.