Orodha ya Mbegu Iliyo Rahisi Kutumia: Ushauri kutoka Tabora

Katika nchi yetu karibu kila mti jina lake huanza na herufi M: mninga, mkongo, mpingo, mkwaju, mbuyu, mwarobaini. Kwa sababu hiyo, orodha ya mbegu mtandaoni iliyopangwa kwa alfabeti, yenye vitufe vya A hadi Z juu ya ukurasa, humrundikia msomaji kila kitu mahali pamoja, na vitufe vingine havimfai kwa lolote. Huo ni mpangilio uliobuniwa kwa ajili ya majina ya kisayansi, na wengi wanaoomba mbegu kwetu hawayajui majina hayo.

Nasema haya kama mmoja wa watu wanaojitolea kutunza orodha ya chama chetu cha wapenda mimea hapa Tabora, chama kisicho na mwajiriwa wala ofisi, ambacho wanachama wake wametawanyika kando ya reli kuanzia mjini hapa hadi Urambo, Kaliua, Uvinza na Kigoma. Kwa kusoma maombi yao msimu baada ya msimu, nimeamini kwamba orodha inapaswa kupangwa kwa kufuata swali la anayetaka kupanda, wala si kwa jinsi makopo yalivyokaa kwenye rafu ya anayehifadhi. Mfuga nyuki, na huku kwetu ni wengi, hataki kujua kama tuna Julbernardia, jina la kisayansi la miti fulani ya miombo. Anataka kujua ni mti gani utawapa nyuki wake maua. Mama anayeotesha miche ya kuuza huuliza ni mti gani wa matunda unaoota bila usumbufu. Kwa hiyo gawa orodha kwa matumizi: matunda ya pori, mbao, maua ya nyuki, kivuli, kurutubisha udongo. Wala usiogope kuuweka mti mmoja katika makundi mawili, kwa kuwa mkwaju ni tunda na ni kivuli pia.

Majina yanahitaji uangalifu mkubwa. Tunda tunaloliita ntalali huku Tabora ni la Vitex mombassae. Mwanachama aliyekulia pwani atalitafuta kwa jina la fudu, na mwingine ataandika furu au fulu. Majina hayo hutumika pia kwa Vitex doniana, ambao ni mti mwingine kabisa. Kwa hiyo tanguliza jina la Kiswahili, fuatisha majina ya kienyeji yanayojulikana eneo lenu, kisha weka jina la kisayansi, ambalo ndilo litakaloamua pakitokea utata. Kisanduku cha kutafutia kiwekwe kwa namna ambayo atakayeandika l mahali pa r, au jina la tunda mahali pa jina la mti, bado atapata anachokitafuta. Migunga nayo ina taabu yake: mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011, na migunga ya Afrika ikapewa majina ya Vachellia na Senegalia. Vitabu vingi tunavyovitegemea bado vina jina la zamani, kwa hiyo andika yote mawili.

Hata hivyo, jina sahihi halitoshi. Ninachokiona kuwa kiini cha orodha nzuri ni maelezo mafupi, yaliyo kwenye mstari ule ule wa mbegu, yanayomweleza mtu afanye nini akishaipokea. Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu na hukawia sana kuota isipokwaruzwa au kutiwa katika maji ya moto. Mbegu ya mkongo huondolewa kwanza ile kofia yake nyekundu. Mbegu ya mninga imefungiwa ndani ya tunda lenye miiba na bawa, na kuitoa bila kuiumiza ni kazi ya subira; mtu aelezwe mapema kama anatumiwa tunda zima au mbegu iliyokwisha kutolewa. Maelezo haya yakiwekwa kwenye ukurasa mwingine, watu wengi hawatayafungua.

Mwezi na mwaka wa kukusanya ni lazima, na kwa baadhi ya mbegu hicho ndicho kitu cha kwanza cha kuangalia. Mninga, mkongo na mbuyu zikikaushwa vizuri huhifadhika kwa muda mrefu. Mkusu na mwarobaini hazisubiri: nguvu ya kuota hupungua sana baada ya majuma machache. Mbegu za namna hii sisi hatuziweki pamoja na nyingine. Zina sehemu yake juu kabisa, nazo huondolewa muda wake ukipita hata kama kopo bado limejaa. Ni afadhali mwanachama akose mbegu kuliko kujaza viriba na kumwagilia mbegu zilizokufa.

Wanachama wa Kigoma huomba sana michikichi, na hapa nashauri orodha iseme wazi kwa nini haipo. Tenera, aina inayopendwa kwa wingi wa mafuta, hupatikana kwa kuchavusha dura kwa chavua ya pisifera, ambazo ni aina nyingine mbili za mchikichi. Mbegu za tenera iliyochavushwa na tenera nyingine hutoa kwa wastani nusu tu ya tenera. Robo huwa dura yenye kokwa nene, na robo huwa pisifera, ambayo kwa kawaida haizai vizuri. Mkulima hugundua hasara hiyo baada ya kulea mti miaka. Badala ya kugawa mbegu za kuokota, mwelekeze kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Kihinga, huko huko Kigoma.

Kuhusu ukurasa wenyewe, sina mengi. Uwe wa maandishi, mwepisi, unaofunguka kwenye simu ndogo bila kumaliza bando la mtu. Picha zifunguke kwa anayezitaka. Tarehe ya kuhuishwa mara ya mwisho ionekane juu.

Kinachoziua orodha za watu wa kujitolea ni mikono mingi kwenye lahajedwali moja. Mtu mmoja awe na ruhusa ya kubadilisha, na msaidizi wake ajulikane. Wengine wamtumie taarifa. Kiasi kipunguzwe siku ile ile ombi linapokubaliwa, nacho kihesabiwe kwa punje au kwa bahasha, maana gramu hazimwambii mpandaji atapata miche mingapi. Mbegu ikiisha, mstari usifutwe: andika kwamba imekwisha na mwezi ambao matunda hukomaa, ili aliye karibu na mti huo ajue wakati wa kutusaidia kukusanya. Mahali pa kukusanyia pakitajwa, kata inatosha. Kwa mpingo na mninga hatutaji mti ulipo, kwa sababu wanaosoma si wapandaji peke yao.

Orodha iseme pia kwamba mbegu haivushwi mpaka bila cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa kuwa maombi kutoka Burundi na ng'ambo ya ziwa, Kongo, hayakosekani. Mwisho, ndani ya kila bahasha tia karatasi ndogo ya kuuliza ni punje ngapi zilipandwa na ngapi zimeota, na majibu yakirudi yaandikwe kwenye mstari wa mbegu hiyo kabla ya vitalu vya kiangazi kinachofuata.