Mkutano mkuu wa kikundi cha kupinga uchafuzi wa mwanga: tunavyofanya sisi Kigamboni

Mkuu, umeuliza mkutano wenu mkuu wa mwaka muuendeshe vipi, maana uliopita watu walisomewa mapato na matumizi, wakanywa soda, wakaondoka, na taa za mtaani zikabaki vilevile. Umeuliza pia kama mumwalike mwenyekiti wa mtaa. Mimi ni katibu wa kikundi kama chenu huku Kigamboni, Dar es Salaam, cha kupinga uchafuzi wa mwanga, yaani mwanga wa taa unaomwagika angani na machoni mwa watu badala ya kumulika chini, na mikutano hii nimeiandaa miaka kadhaa, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu.

Anzeni na tarehe. Msiangalie ukumbi unapatikana lini, angalieni mwezi wa angani, ili mbalamwezi isizifiche nyota. Sisi tunachukua Jumamosi iliyo jirani na mwezi mwandamo, kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamekwisha na vuli haijaanza. Tunafungua kikao saa kumi jioni. Akidi, muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, uchaguzi kama upo: yote hayo yanakwisha kabla ya magharibi. Taarifa ya fedha tunaituma kwenye kundi la WhatsApp wiki moja kabla, watu wanakuja na maswali tu. Wanaoswali wanaswali, chai na maandazi vinapita, na pwani yetu giza halikawii: saa mbili usiku mko nje na anga iko tayari.

Huko nje ndiko mkutano wenyewe uliko. Naomba mlishike hili kuliko mengine yote niliyoandika.

Kila mwaka kuna mwanachama mpya, au mgeni wa mwanachama, anayesimama na kuuliza: taa zikipunguzwa si tutakabwa? Ni swali la haki kabisa, hasa kwa kina mama wanaofunga biashara usiku, na mtu akijibiwa kwa hotuba ya nyota anaona mnamchezea. Sisi tunalijibu kwa macho. Fundi wetu anafunga glopu ya LED nyeupe, iliyo uchi, kwenye mti wenye urefu wa taa ya getini. Kijana mmoja anakwenda kusimama karibu na ukuta, hatua chache nyuma ya ile taa. Watu wanaulizwa: mnamwona? Wanakunja nyuso, wanakinga macho kwa viganja, wengine wanasogea kushoto na kulia. Hawamwoni. Fundi anapanda tena, anaivisha glopu ileile kofia ya bati aliyoikata mwenyewe, mdomo ukiangalia chini. Kijana anatokea pale ukutani, mikono mifukoni, mpaka rangi ya shati lake unaitaja. Umeme ni uleule. Kilichoondoka ni ule mwanga uliokuwa unakuchoma machoni. Mama mmoja anayekaanga chipsi jirani na kituo cha daladala aliyaona haya mwaka mmoja akasema kwa sauti kwamba kumbe taa yake ndiyo iliyokuwa inamficha mwizi, na wiki ileile akamwita fundi. Mimi sijapata hoja yenye nguvu kuliko ile kofia ya bati, na bei yake ni ndogo sana.

Hapohapo pitisheni maboksi mawili ya glopu mkononi kwa mkono, watu wasome namba yenye herufi K, inayoonyesha rangi ya mwanga. Ukiingia duka la umeme Kariakoo ukaomba glopu bila kusema zaidi, mara nyingi utapewa 6500K, ile nyeupe yenye ubluu. DarkSky International, shirika la kulinda giza la usiku lililoanzishwa Marekani mwaka 1988, wanashauri taa za nje zisizidi 3000K, yaani zile za njano. Mwanga wa bluu husambaa zaidi hewani, ndiyo sababu mbingu ya mchana ni ya bluu, na usiku ndio unaotandaza ule ukungu mweupe juu ya jiji. Mwanachama akitoka mkutanoni anajua kuisoma hiyo namba, basi ada yake imerudi.

Baada ya hapo tunapima giza la anga. Mpango wa Globe at Night, unaokusanya ripoti za watu kuhusu mwangaza wa anga ya usiku, ulianza 2006 na ni wa bure: unatazama kundi la nyota lililotajwa, unalinganisha unachokiona na michoro yao, unatuma jibu kwa simu. Miezi yetu ile Nge anakuwa juu kabisa, hata mtoto anamtambua kwa mkia wake. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya ripoti zaidi ya 50,000 zilizotumwa huko na watu wa kawaida, za kuanzia 2011 hadi 2022, wakakuta mwangaza wa anga unaongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 10 kwa mwaka. Ripoti nyingi zilitoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika tulikuwa wachache mno, na hilo linaniuma. Jiji linalokua kwa kasi ya Dar haliwezi kusimuliwa na watu wa mbali, kwa hiyo simu zitoke mifukoni, kila mmoja atume ya kwake.

Mgeni rasmi wa hotuba ndefu tuliacha. Tunamkaribisha mzee mvuvi, anaonyesha nyota alizokuwa akizifuata baharini, anaeleza Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho miezi hiyo huchomoza watu wamelala: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wazee walipanga kilimo kwa kutazama juu. Vijana wanamsikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza mgeni yeyote.

Sasa azimio. Pitisheni moja tu, lenye taa inayojulikana, jina la mhusika na mwezi wa kumaliza. "Kuelimisha jamii" si azimio, hakuna atakayeulizwa mwakani. Sisi kuna mwaka tuliichukua hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa na taa kubwa zinazomulika baharini. Fukwe za kusini mwa Kigamboni kasa wanapanda kutaga, na vitoto vikianguliwa usiku hufuata upande unaong'aa zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa za hoteli zinavigeuza virudi nchi kavu, vikafie mchangani au midomoni mwa kaa na mbwa. Wajumbe wawili walitumwa na mkutano, wakaenda wakiwa na muhtasari uliosainiwa na picha za usiku. Mazungumzo ya kwanza hayakuzaa kitu. Ya pili meneja alitoka nao nje kuangalia, na taa zikageuzwa kuangalia chini.

Kwenye barua zenu itajeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa sababu uchafuzi wa mwanga umo katika mambo ambayo sheria hiyo inataka yawekewe viwango. Ofisi nyingi hazitarajii kulisikia hilo, na barua inabadilika uzito papo hapo.

Mwenyekiti wa mtaa mwalikeni, tena mwalikeni kwa ile sehemu ya nje, asije akachoshwa na mapato na matumizi. Msimwombe mchango. Akishaona ile kofia ya bati, mtakachohitaji kwake ni mhuri wake kwenye barua ya taa za barabarani. Barabara za mtaani barua inakwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; barabara kuu inakwenda TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Mkikosea hapo inakaa mezani kwa mtu asiyehusika. Sisi muhtasari na barua ya azimio vinamfikia mwenyekiti wiki ileile, kabla watu hawajasahau walichokiona. Kama mnalenga Agosti, mwandikieni mapema, Jumamosi zake zinajaa misiba na harusi.